Mama Anapovuka Mpaka Kwenda Kujifungua

Natumaini kila mmoja ameketi, taa inawaka vizuri, na daftari liko mbele yake. Mwalimu wa darasa, weka chaki karibu, maana leo tutakuwa na hesabu kidogo ubaoni.

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya mipaka ya nchi na hati za kusafiria. Baada ya somo lile, mwanafunzi mmoja, mama wa makamo, aliniuliza swali. Alikuwa amesikia kwamba wako wanawake wanaopanda ndege wakiwa na mimba kubwa, wakaenda kuzaa katika nchi za watu, kisha wakarudi kwao na mtoto mchanga mkononi. "Je, Bwana Elimu," aliniuliza, "huko kwao hakuna wakunga?"

Wakunga wako, mama, na hospitali ziko. Somo la leo ni jibu la swali lako.

Kwanza tukumbuke kwamba safari ya kwenda kuzaa si jambo geni kwetu. Katika sehemu nyingi, pwani na bara, mwanamke mwenye mimba ya kwanza hurudi kwa mama yake ajifungulie huko. Twasema ni mila, na ni mila kweli. Lakini ukiitazama vizuri utaona kwamba ndani yake mna hesabu. Nyumbani kwa mama yake yuko mtu wa kuchemsha maji, wa kupika uji, wa kumkanda mzazi na kumpakata mtoto usiku, na mtu huyo hadai mshahara. Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa bibi yangu kwa njia hiyo. Hata leo wajomba zangu hunikumbusha kwamba walichinjwa mbuzi wawili kwa ajili yangu, na kwamba baba yangu hajawalipa.

Basi, safari ya kuvuka mpaka ili kuzaa nayo ina hesabu ya namna hiyo, ila mbuzi wake ni wengi zaidi. Ili tuielewe, nitachukua mahali pamoja tu ambapo mambo haya yalitokea kwa wingi na yakaandikwa kwa tarakimu. Mahali hapo ni Hong Kong.

Hong Kong ni mji mkubwa wa bandari kusini mwa Uchina. Ulitawaliwa na Waingereza kwa zaidi ya miaka 150, ukarudishwa kwa Uchina tarehe 1 Julai 1997. Lakini uliporudishwa uliachiwa sheria zake, fedha zake, pasipoti yake na maofisa wake wa mpakani. Kwa hiyo Mchina wa bara akienda Hong Kong, kwa maneno ya sheria hajatoka nchini mwake, lakini kwa vitendo anapita forodhani, anaonyesha kibali, na anabadilisha fedha. Kwa somo letu hiyo ni safari ya nje, ingawa ni fupi. Mji wa bara ulio karibu, Shenzhen, umetengwa na Hong Kong na mto mdogo tu. Mtu huvuka kwa miguu penye kituo cha Lo Wu, kisha hupanda gari moshi mpaka mjini kwa muda usiofika saa nzima.

Mwezi wa Julai mwaka 2001 mahakama ya juu ya Hong Kong iliamua kesi ya mtoto mmoja. Mtoto huyo alizaliwa Hong Kong, na wazazi wake walikuwa Wachina wa bara waliokuja kwa ziara tu. Je, ana haki ya kukaa Hong Kong maisha yake yote? Majaji walisoma sheria ya msingi ya mji wakasema: ndiyo, anayo. Mtoto wa Kichina aliyezaliwa hapa ni wa hapa, hata kama baba na mama si wa hapa.

Mlango mmoja ukawa umefunguka. Wa pili ulifunguliwa mwaka 2003. Mji ulikuwa umepatwa na ugonjwa mbaya wa mapafu ulioitwa SARS, wageni wakaogopa kuja, maduka yakadorora. Ili kuleta wateja, watu wa miji fulani ya bara waliruhusiwa kuja mmoja mmoja, pasipo kulazimika kusafiri na kundi la watalii. Shauri lilikuwa la biashara ya maduka na hoteli. Nani angefikiri kwamba litajaza wodi za wazazi?

Sasa, mwalimu, tafadhali andika ubaoni. Hii ni idadi ya watoto waliozaliwa Hong Kong kwa mama wa bara ambaye mume wake pia hakuwa mkazi wa Hong Kong. Mwaka 2003, watoto 2,070. Mwaka 2005, watoto 9,273. Mwaka 2006, watoto 16,044. Mwaka 2008, watoto 25,269. Mwaka 2011, watoto 35,736. Mwaka huo wa 2011 watoto wote waliozaliwa Hong Kong walikuwa kama 95,000. Kwa hiyo katika kila watoto wanane, watatu hivi walikuwa wa wazazi hao wa kuja na kuondoka.

Tuseme yuko mama mmoja wa Shenzhen. Ni mfano wangu mwenyewe, wala simsemi mtu fulani. Ana duka la nguo, mume wake ni fundi mitambo kiwandani, wana mtoto mmoja wa kike, na sasa ana mimba ya pili. Usiku, mtoto akiisha kulala, yeye na mumewe wanachukua kalamu na karatasi. Wanaandika nini?

Jambo la kwanza wanaloandika ni faini. Tangu mwaka 1980 serikali ya Uchina ilikuwa imewawekea watu sheria ya uzazi, na mijini kwa kawaida familia iliruhusiwa mtoto mmoja tu. Aliyezaa zaidi alitozwa fedha, na fedha hizo zilikadiriwa kwa kutazama pato la mwaka la watu wa mahali pale au la familia yenyewe. Mara nyingi zilikuwa pato la mwaka mzima, zikizidishwa mara kadhaa. Mtumishi wa serikali aliweza hata kupoteza kazi. Mtoto aliyezaliwa Hong Kong hakuandikwa katika daftari la kaya la bara, na wazazi wengi walitumaini kwamba kwa njia hiyo faini haitawafikia. Haikuwa hakika, maana wakuu wa baadhi ya majimbo walisema mtoto ni mtoto popote alipozaliwa. Lakini watu walijaribu bahati.

La pili ni skuli. Tangu mwaka 2008 skuli za serikali za Hong Kong zilikuwa bure kwa miaka 12, na matibabu katika hospitali za umma yalikuwa ya bei ndogo kwa wakazi. La tatu ni pasipoti. Mwenye pasipoti ya Hong Kong huingia nchi zaidi ya 100 bila kuomba viza, na kwa mtu ambaye angependa mwanawe asome au afanye biashara ng'ambo, hilo lina thamani ya fedha.

La nne ni uaminifu. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba maziwa ya unga ya watoto huko bara yalikuwa yametiwa dawa ya kiwandani iitwayo melamini ili yaonekane mazito katika vipimo. Watoto kama 300,000 waliugua na sita walikufa. Baada ya hapo mzazi wa bara hakutazama tena kopo la maziwa, wala chanjo, wala hospitali, kwa jicho lile la zamani. Watu husema uaminifu haununuliwi. Mimi nasema, ukikosekana, utaona jinsi watu wanavyolipa nauli kuufuata.

Upande wa pili wa karatasi wanaandika gharama. Hospitali za umma za Hong Kong zilimtoza mkazi dola 100 za Hong Kong kwa siku. Mgeni aliwekewa bei yake. Mwezi wa Septemba 2005 ilikuwa dola 20,000 kwa siku tatu na usiku mbili. Mwezi wa Februari 2007 bei ilipandishwa: dola 39,000 kwa aliyeweka nafasi mapema, na dola 48,000 kwa aliyekuja bila kuweka nafasi. Dola ya Marekani moja ni kama dola 7.8 za Hong Kong. Hebu darasa lipige hesabu: 39,000 gawanya kwa 7.8. Mtapata dola 5,000 za Marekani. Hapo bado nauli, chumba cha kupanga wakati wa kungoja, na ujira wa dalali, kwa maana madalali walikuwa wengi, wakitangaza kwamba watamshughulikia mama tangu kuvuka mpaka mpaka kupata cheti cha kuzaliwa.

Hapa ndipo napenda mkae kitako mnisikilize vizuri, maana wakuu wa hospitali walifikiri kama ambavyo wengi wetu tungefikiri. Walisema: bei ikipanda karibu mara mbili, watu watapungua. Tazameni ubaoni. Mwaka 2006, kabla ya bei kupanda, watoto 16,044. Mwaka 2008, baada ya bei kupanda, 25,269. Mbona waliongezeka?

Sababu moja ni fedha zenyewe. Fedha ya Uchina bara huitwa yuani. Mwanzoni mwa mwaka 2007 yuani ilikuwa imelingana na dola ya Hong Kong, hivyo ada ile ya 39,000 ilikuwa kama yuani 39,000. Lakini yuani iliendelea kupata nguvu. Kufika katikati ya mwaka 2011 ada ile ile, bila kubadilishwa hata senti moja, ilikuwa kama yuani 33,000 tu. Ofisini Hong Kong karani aliona bei imesimama. Kule Shenzhen mwenye duka la nguo aliona bei inashuka kila mwaka, na wakati huo huo pato la watu wa mijini lilikuwa linapanda.

Sababu ya pili ni kwamba familia hailinganishi bei ya leo na bei ya jana. Hulinganisha bei hiyo na kile ambacho ingelazimika kulipa kama ingebaki nyumbani. Yuani 33,000 ni nyingi ukiziweka kando ya ada ya mkunga wa Shenzhen. Ukiziweka kando ya faini na karo za miaka 12, huonekana kama bei ya haki. Kwa hiyo bei mpya haikuwazuia wenye fedha. Iliwachuja tu. Mwenye nacho alilipa. Mwenye kidogo alitafuta njia nyingine.

Na njia hiyo nyingine ilikuwa ya hatari. Ofisa wa mpakani alitakiwa kumtazama mwanamke mwenye mimba ya wiki 28 au zaidi na kumwuliza hati ya nafasi ya hospitali. Asiyekuwa nayo alirudishwa. Basi wako waliovuka mapema, mimba haijaonekana sana, wakajificha katika vyumba vya kupanga, wakangoja mpaka uchungu uwashike hasa. Hapo ndipo walipokimbilia mlango wa hospitali wa watu walioumia na wagonjwa wa ghafla, kwa kuwa walijua daktari hawezi kumfukuza mwanamke aliye katika uchungu. Mkunga anampokea mtu ambaye hajui damu yake ni ya namna gani, wala kama mtoto amekaa vizuri, wala kama mama ana ugonjwa wa kuambukiza. Nyinyi kina mama mliokwisha kwenda kliniki ya wajawazito mnajua kadi ile ni kwa ajili ya nini. Mama hawa walikuja bila kadi. Wengine waliisha kujifungua wakaondoka bila kulipa, na deni likabaki vitabuni.

Wenyeji nao walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mwaka 2003 watoto waliozaliwa Hong Kong walikuwa kama 47,000 tu. Wodi na wauguzi walikuwa wamepangwa kwa idadi ndogo. Katika miaka minane idadi ikawa maradufu. Mama wa Hong Kong mwenye mimba changa alipiga simu hospitali akaambiwa nafasi zimejaa. Wakati huo hospitali za binafsi zilikuwa zinapata faida nzuri, zikawavuta wakunga kutoka hospitali za umma kwa mishahara mikubwa. Watu waliandamana barabarani.

Kuna watu wengine walioumia, nao huwa hawatajwi. Wako wanaume wa Hong Kong, wengi wao wafanyakazi wa pato dogo, waliooa wanawake wa bara. Mke alikuwa akingoja miaka kadhaa kupata kibali cha kuhamia kwa mumewe. Akishika mimba kabla ya kibali, hospitali ilimhesabu mgeni, akatozwa bei ile ile ya tajiri wa Shanghai, ingawa baba wa mtoto alikuwa mkazi anayelipa kodi. Mwaka 2011 watoto kama 6,000 walizaliwa katika hali hiyo. Familia moja ilipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ya juu ikaamua kwamba hospitali ilikuwa na haki ya kutofautisha bei. Majaji ndio wanaojua sheria. Kwangu mimi, mtu mwenye mke na watoto, bado naona uzito wake.

Mwaka 2012 ada ya asiyeweka nafasi ilipandishwa mpaka dola 90,000. Lakini lililomaliza jambo lilikuwa jingine. Leung Chun-ying, aliyekuwa amechaguliwa kuongoza mji, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2013 hospitali hazitawapa nafasi tena wanawake wa bara ambao waume wao si wakazi. Idadi ikaanguka mara moja. Miaka saba hivi ya kupandisha bei haikufanya kazi iliyofanywa na tangazo moja la kufunga mlango.

Je, familia zile zilipata faida waliyoitarajia? Turudi kwa mama yetu wa Shenzhen. Mtoto wake amefika umri wa skuli. Kwa kuwa hayumo katika daftari la kaya la bara, kwa miaka mingi skuli za serikali za Shenzhen hazikumpokea kama mtoto wa pale. Basi ama alipiwe karo kubwa katika skuli ya binafsi, ama avuke mpaka kila siku kwenda Hong Kong. Zaidi ya watoto 20,000 walifanya hivyo. Mtoto wa miaka sita anaamka kabla ya mapambazuko, anapanda basi, anapita kwa ofisa wa uhamiaji akiwa na kadi shingoni, anasoma, kisha jioni anarudi njia ile ile. Nauli ya kila siku haikuwapo katika ile karatasi ya hesabu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipozuka, mpaka ulifungwa. Watoto hawa walibaki upande wa Shenzhen, wakafundishwa kwa mashine za kompyuta, mpaka Februari 2023 walipoanza kuvuka tena. Miaka mitatu ni nusu ya skuli ya msingi.

Na ile faini iliyokimbiwa? Kuanzia Januari 2016 serikali ya Uchina iliruhusu watoto wawili, mwaka 2021 ikaruhusu watatu, na faini zikafutwa.

Sasa kwa kifupi juu ya Marekani, maana najua swali la mama yule lilihusu ndege. Katiba ya Marekani, kwa nyongeza yake ya 14 ya mwaka 1868, inasema aliyezaliwa katika nchi ile na aliye chini ya sheria zake ni raia. Mwaka 1898 mahakama kuu ya huko iliamua hivyo juu ya Wong Kim Ark, mtu aliyezaliwa San Francisco na wazazi wa Kichina. Kwa ajili ya haki hiyo, wanawake wenye uwezo kutoka Uchina, Urusi, Nigeria na kwingineko wamekwenda kujifungulia huko, wakilipa hospitali, nyumba ya kupanga na madalali maelfu mengi ya dola. Wengi hudhani mtoto akiisha kuwa raia, wazazi nao wamepata. Sivyo. Mtoto hawezi kuwaombea wazazi wake ukaazi mpaka atimize miaka 21. Tena Marekani hudai kila raia wake, hata akiishi nchi nyingine, atoe hesabu ya pato lake kwa ajili ya kodi. Dalali hatangazi hilo. Mwezi wa Januari 2020 maofisa wa viza waliagizwa kumkatalia mtu ambaye shabaha yake kubwa ni kwenda kuzaa ili mtoto apate uraia. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitoa amri ya kuwanyima uraia watoto wa wageni wa muda, na mahakama zikaizuia isianze kutumika.

Nchi nyingine hazitoi haki hiyo kabisa. Ireland ilikuwa nayo, lakini mwaka 2004 wananchi walipiga kura kuiondoa. Jirani zetu wa Kenya, katika katiba yao ya mwaka 2010, wanasema mtoto ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama ni raia. Kwa hiyo mgeni akijifungua Nairobi, mtoto atapata cheti cha kuzaliwa, lakini cheti hicho peke yake si uraia. Wanafunzi wangu wengi huchanganya vitu hivi viwili, basi mviandike katika daftari kwa mistari tofauti.

Kazi ya darasa. Kwanza, mgeukieni mama mmoja katika darasa lenu aliyejifungulia mbali na nyumbani kwake, hata kama ni wilaya ya pili tu, mumwombe awaambie alilipa nini: nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea, na zawadi kwa waliomtunza. Mwalimu aandike kila kitu ubaoni na darasa lijumlishe. Pili, pigeni hesabu ya dola 90,000 za Hong Kong kwa dola za Marekani, kwa kipimo kile cha 7.8. Tatu, maneno ya kusoma na kuandika wiki hii ni haya: mpaka, kibali, uraia, ukaazi, ada, faini, deni, dalali.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma juu ya bima: maana yake, na jinsi ya kusoma karatasi yake kabla ya kutia sahihi. Kwaherini, na mzime redio taratibu msiwaamshe watoto.